Kabini ya Bibi ikatwe lini?

Mjomba wangu wa Sur anaamini kwamba kabini ya meli ya kitalii hukatwa wiki mbili kabla ya safari, wakati kampuni imeshaanza kuhangaika na vyumba vitupu. Mama mkubwa wa Nizwa anaamini kinyume chake: ukishaamua kusafiri, kata leo, kesho ni ya Mungu. Mama yangu, ambaye ndiye anayeshika daftari la mchango, aliwasoma wote wawili usiku mzima kwenye kundi letu la WhatsApp, kisha akaandika: "Huyu wangu anasoma uhasibu. Mwacheni atutafutie jawabu."

Huyu wake ni mimi, na makala hii ndiyo jawabu. Walimu wetu wa chama wamenitaka niiandike kwa Kiswahili kwa sababu, wanavyosema, tunajua kuzungumzia biriani na harusi kwa lugha ya bibi zetu, lakini ikifika hesabu tunakimbilia Kiarabu na Kiingereza. Ni kweli. Maneno tu yamenichukua siku mbili kuyapata.

Bibi yetu anakaa Ibra, na ameshapita miaka 70. Amekwenda Unguja kwa ndege mara mbili tangu mimi nizaliwe, kwa hiyo si kwamba hajatembea. Anachotaka ni bahari. Mara ya mwisho kusafiri melini alikuwa na miaka 9, mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi ya 12 Januari, pale yeye na mama yake na kaka yake walipoondoka Unguja kwenda Mombasa. Baadaye walihamia Dubai, na Oman yenyewe hawakuingia mpaka baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango Waomani waliokuwa nje. Safari ile ya kwanza, anasema, hakuona kitu. Alitapika njia nzima, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mama yake, na kila akifumbua macho alikuwa anaona ukindu wa mkeka. "Nataka niione bahari nimekaa juu ya kiti," alituambia siku ya Idi, kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

Palepale nyumba saba za ukoo zikakubaliana kuchanga riali 20 kila mwezi. Watakaokwenda ni wanne: Bibi, mama, mama mkubwa, na mimi wa kusukuma kiti cha magurudumu pale ambapo fimbo haitoshi. Yaani kabini mbili.

Kwanza ilibidi nijue msimu. Meli hizi huzunguka Ghuba wakati wa baridi tu, takriban Oktoba mpaka Aprili, halafu joto likianza zinarudi Ulaya. Safari za usiku 7 huanzia zaidi Dubai, Abu Dhabi au Doha, na Maskat ni kituo cha njiani. Meli hufunga gati Bandari ya Sultan Qaboos, kule Matrah, ambayo imebaki kuwa bandari ya wageni tangu shehena zilipohamishiwa Sohar mwaka 2014. Wasomaji wa Nizwa mnawajua abiria wake. Ndio wale wanaoshushwa na mabasi mlangoni mwa ngome saa nne za asubuhi na kuondoka hata halua hawajaionja.

Katika miezi hiyo tuliondoa Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia katikati ya msimu wa meli. Tukaondoa wiki za Krismasi na mwaka mpya, maana Wazungu wako likizoni na bei hupanda. Tukaondoa mitihani yangu. Ikabaki Januari, baina ya mihula. Safari iliyopatikana inaondoka Dubai siku chache baada ya tarehe 12. Mama alipoisoma tarehe kwa sauti alimtazama Bibi. Bibi aliomba aongezewe chai.

Wakala tuliyempata alikuwa na maneno matamu: tukikata kabla ya mwisho wa Mei, kila kabini itapewa dola 100 za kutumia melini. Riali yetu imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 ni riali moja kwa dola 2.60, kwa hiyo dola 100 ni riali 38 na kitu. Kundi zima lilifurahi. Binamu mmoja aliandika kwamba bei imeshuka kwa riali 38. Haikushuka. Hapa ndipo nilipoanza kazi yangu kwa kweli.

Pesa hii nimeamua kuiita salio la melini, kwa sababu inafanya kazi kama salio la simu. Iko kwa jina lako lakini huwezi kuitoa ukanunulia mchele. Melini watu hawalipi kwa noti. Kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya chumba, na siku ya mwisho unaletewa hesabu. Salio hupunguza hesabu hiyo. Usipolitumia, kwa kawaida linakufa usiku wa mwisho, ila likiwa la aina inayorejeshwa, na wakala hatakutajia tofauti hiyo mpaka umuulize. Tena hutolewa mara nyingi kwa kabini, si kwa kichwa. Mkilala watatu chumba kimoja, dola 100 ni zile zile 100.

Linatoka wapi? Wakati mwingine kampuni yenyewe inalitoa ili meli ijae mapema, na matangazo ya namna hiyo huwa mengi Januari mpaka Machi, miezi ambayo Wazungu hupanga safari za mwaka. Wakati mwingine wakala anakata kipande cha kamisheni yake akupe wewe ili usiende kwa jirani yake. Kuna njia ya tatu ambayo mama mkubwa aliipenda sana: ukiwa melini unaweka arabuni ya safari nyingine ya baadaye, na papo hapo unapewa salio. Nilimkumbusha kwamba hii ya kwanza bado hatujailipia.

Arabuni, kwa wale wanaofuatilia maneno, imo kwenye kamusi zetu za Kiswahili na ni ile ile ya Kiarabu: fedha unayotanguliza kumfunga muuzaji. Mjomba alituma ujumbe mrefu kueleza kwamba wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu arabuni isiyorudi mnunuzi akighairi, kwamba wengi wa zamani waliikataa na Mahanbali wakairuhusu. Yote kweli. Lakini mimi naijua desturi ya mjomba. Fiqhi yake huamka bei ikiwa juu.

Basi, mapema au mwishoni? Jibu lililonikaa kichwani nililipata soko la mbuzi la Nizwa, Ijumaa asubuhi, nilipokwenda na mama mkubwa. Mnalijua lile duara: wauzaji wanazungusha mbuzi, wanunuzi wanasimama pembeni na katikati. Mama mkubwa hanunui mapema. Anangoja jua lipande, watu wapungue, muuzaji aanze kufikiria kumrudisha mnyama nyumbani kwenye gari. Hapo ndipo anaposogea. Kabini isiyouzwa ni hivyo hivyo, tena ni mbaya zaidi, kwa sababu mbuzi anaweza kurudi Ijumaa ijayo lakini kitanda cha safari hii, meli ikishaondoka, hakina Ijumaa ijayo. Kwa hiyo mjomba ana hoja. Bei za mwishoni hushuka kweli.

Nikamuuliza mama mkubwa: kama ni hivyo, mbona wewe ndiye unayesema tukate leo? Akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. "Mbuzi wa mchuzi nangoja. Mbuzi wa Idi siwezi kungoja. Yule lazima awe na miaka yake, hana kilema, na kila mtu anamtaka siku moja. Ukingoja unabaki na yule anayechechemea."

Nilirudi nyumbani nikachora ramani ya meli kwenye karatasi. Bibi anahitaji chumba chenye mlango mpana na bafu lisilo na kizingiti. Vyumba hivyo ni vichache katika meli yoyote, na havipungui bei mwishoni kwa sababu havifiki mwishoni. Anahitaji kuwa karibu na lifti. Na kwa sababu alitapika njia nzima mwaka 1964, anahitaji kuwa katikati ya meli na sio juu sana. Meli hutikisika kama ubao wa pembea, ncha ndizo zinazopanda na kushuka, pale katikati mtu anatulia. Ukikata mapema unachagua namba ya chumba. Ukikata mwishoni, mara nyingi unanunua daraja tu, na kampuni inakuweka inapotaka, pengine nyuma kabisa juu ya mashine. Na yeye anataka roshani, ili akae juu ya kiti aione bahari. Hiyo ndiyo safari yenyewe.

Kabini ya Bibi ilikuwa mbuzi wa Idi. Ya kwangu na mama mkubwa, chumba cha ndani kisicho na dirisha, ilikuwa mbuzi wa mchuzi. Tukakata ya Bibi mwezi Mei: dola 1,700 kwa watu wawili, arabuni asilimia 20, salio dola 100. Ya pili wakati huo ilikuwa dola 1,100, tukaiacha ingoje jua lipande. Mjomba alihesabu hiyo kuwa nusu ya ushindi.

Lakini hoja yake nyingine ilinikera kwa muda. Alisema: "Babu zetu hapa Sur walikwenda Unguja na kurudi miaka na miaka. Nani alikata nafasi mwaka mzima kabla? Ulikwenda ufukweni, ukamtafuta nakhodha, ukapanda." Siku nilipokwenda Sur alinipeleka kuliona Fatah al-Khair, ile ghanja iliyojengwa pale pale Sur mwaka 1951, ikauzwa nje, na wenyeji wakachanga kuinunua tena na kuirudisha mwaka 1993. Sasa imekaa nchi kavu. Unaweza kusimama chini yake ukatazama ubavu wa mbao ulivyopinda na kujiuliza watu walilala wapi. Walilala juu ya shehena. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait msimu wa 1938 na 1939 kutoka Aden mpaka Unguja na Rufiji, ameeleza abiria walivyojazana sitahani, kila kundi na mahali pake, hakuna chumba wala namba.

Hapo nikaona mjomba anasahau kitu. Ni kweli hakuna aliyekata mapema, lakini hakuna aliyekata wakati wowote apendao pia. Kaskazi huvuma takriban Disemba mpaka Machi, na huo ndio upepo wa kwenda. Kuanzia Aprili kusi inaingia, ndio upepo wa kurudi, nayo Juni na Julai inakuwa kali kiasi kwamba majahazi hayatoki. Aliyechelewa Unguja akapitwa na mwanzo wa kusi alingoja mpaka itulie kuelekea Septemba. Aliyechelewa Sur akapitwa na kaskazi alingoja mwaka. Hakuna nakhodha aliyeuweza upepo. Watu walikuwa na siku yao ya mwisho, na waliijua bila kuandikiwa. (Na angalieni: miezi ya meli za kitalii kwetu ni karibu miezi ile ile ya majahazi kuondoka. Zile zilifuata upepo, hizi zinakimbia baridi ya kwao.)

Kwenye mkataba wetu siku hiyo imeandikwa, na ndiyo tarehe ambayo hakuna hata mmoja kundini aliyeiuliza. Tulibishana miezi miwili kuhusu siku ya kukata, kumbe iliyo muhimu zaidi ni siku ya mwisho ya kulipa. Kwa safari nyingi ni kati ya siku 60 na 90 kabla ya kuondoka. Yetu ilikuwa 60, yaani katikati ya Novemba. Kabla ya siku hiyo, uko bandarini. Ukighairi, unapoteza arabuni, au hata hiyo hupotezi ikiwa ni ya kurejeshwa. Bei ikishuka unaweza kuomba bei mpya. Baada ya siku hiyo umeng'oa nanga: kila wiki inayopita faini ya kughairi inapanda, mpaka inakuwa bei nzima.

Mwezi Oktoba bei ya kabini kama ya Bibi ilishuka mpaka dola 1,610. Mjomba alituma picha ya tangazo na maneno matatu: "Nilisema mimi, nilisema." Tulikuwa bado bandarini, kwa hiyo nikampigia wakala. Akasema tunaweza kuhamia bei mpya, lakini bei mpya haina salio. Tupate dola 90 mkononi, tuache dola 100 za melini. Ni ipi kubwa?

Wengi walisema 90, kwa sababu ni pesa kweli. Mimi nilitoa karatasi. Meli hizi hukata bakhshishi ya wahudumu kila siku kwa kila mtu, na hiyo huwezi kuikwepa vizuri. Tulikadiria dola 15 kwa kichwa kwa siku. Kwa watu wawili, usiku 7, ni dola 210. Kama salio linaweza kulipia bakhshishi, basi dola zote 100 zitaliwa na kitu ambacho tungelipa hata hivyo, na zina thamani sawa na noti. Kama haliwezi, tutalazimika kuzimalizia kwenye kahawa na picha za mpiga picha wa melini, na hapo 90 za mkononi ni bora. Nikamwomba wakala aniandikie. Akaandika kwamba linaweza. Tukabaki na bei ya zamani. Tofauti ni dola 10, chini ya riali 4, na nakubali kwamba nilitumia jioni nzima kuzipigania. Lakini ukiwa na daftari la nyumba saba, lazima kila mmoja aone ulivyofika hapo.

Kitu kilichotutisha zaidi kilikuwa nje ya uwezo wa wakala. Meli nyingi za msimu wa Ghuba hutoka Mediterania na kupita Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu. Tangu mashambulizi ya mwisho wa 2023 katika bahari hiyo, kampuni kadhaa zilifuta safari zao za Ghuba au zikazizungusha meli Afrika nzima. Kampuni ikifuta yenyewe inarudisha fedha zake. Hairudishi ya basi la Dubai wala ya hoteli uliyokata mahali pengine. Ndiyo maana hatukukata hoteli isiyorudisha, na bima tuliinunua mapema, tukamtajia mwenye bima umri wa Bibi na presha yake bila kuficha. Bima inayonunuliwa kwa kuficha ugonjwa ni karatasi tu.

Mwanzoni mwa Novemba Bibi alianza kupumua kwa shida akipanda ngazi mbili za baraza. Daktari aliagiza vipimo vya moyo, na miadi ya majibu ikawa Jumatano. Siku yetu ya mwisho ya kulipa ilikuwa Jumapili kabla yake. Tulimwomba wakala siku tatu. Alisema kompyuta ya kampuni haijui Jumatano ya mtu, Jumapili usiku nafasi inajifuta.

Zilibaki dola 1,360, kama riali 523. Kundi la WhatsApp lilinyamaza, na kwa ukoo wetu hilo halijawahi kutokea. Tukilipa na majibu yakawa mabaya, tunaanza kuingia kwenye faini. Tusipolipa, kile chumba chenye mlango mpana kinakwenda, na arabuni inakwenda nacho, na msimu ujao Bibi atakuwa na mwaka mmoja zaidi. Ami yangu mmoja, ambaye kwa kawaida ana maneno machache, aliandika kwamba fedha ya watu isichezewe. Hakuwa amekosea.

Jumamosi tulikwenda Ibra sote kumuuliza mwenyewe. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamweleza mkataba kama ninavyowaeleza nyinyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja ambalo mimi na uhasibu wangu hatukuwa tumeliuliza: "Jina langu likitoka, la mtu mwingine linaweza kuingia?"

Nilisoma tena ule mkataba kwenye simu, mstari kwa mstari, mbele yake. Linaweza. Jina moja katika chumba linabadilishwa kwa ada ndogo mpaka wiki mbili kabla ya safari, madhali mmoja wa wale wawili wa mwanzo anabaki. Bibi akatikisa kichwa. "Basi lipeni. Nisipokwenda mimi atakwenda dada yako, na mama yako atakuwa naye. Chumba hakitalala kitupu." Halafu akamwita ami yangu aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia aingie ale.

Tulilipa Jumapili alasiri. Jumatano daktari alibadilisha dawa za presha, akasema safari haina ubaya mradi asisahau vidonge na asisimame juani. Mama mkubwa alilia kwenye gari.

Kabini ya pili tuliikata wiki mbili zilizopita, kwa dola 860 badala ya 1,100. Salio hakuna, namba hatukuchagua, na tumewekwa sitaha tatu chini ya Bibi, karibu na ncha ya nyuma. Toa dola 100 za salio tuliloliacha, tumeokoa dola 140, riali 54 hivi. Mjomba ametaka iandikwe kwenye makala hii kwamba hilo lilikuwa shauri lake. Nimeandika.

Ijumaa iliyopita nilipita kwa Bibi na karatasi ya vitu vya kufunga. Nilimsomea: pasi, dawa za siku 14 ingawa safari ni ya 7, koti jepesi, viatu visivyoteleza. Akaniuliza kuhusu chakula, kama kila watu wanajipikia. Nikamwambia kuna mikahawa. Akaniuliza kama mikahawa hiyo ni ya kulipia. Nikamwambia mikubwa imo ndani ya nauli. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimsaidie kuuingiza ndani mkeka aliouanika uani tangu asubuhi, kwa sababu hata kama kuna vitanda, mtu hajui.